Mafundo ya Dona Eufrazina

Kijijini kwetu Poço da Ema, mtu akianza kukohoa akapitiliza, majirani hawakuuliza ametumia dawa gani. Waliuliza kama kitambaa kimeshapelekwa kwa Dona Eufrazina. Yeye ndiye aliyetushonea sanda, tajiri na maskini, na wengi walipenda waione yao mapema, waikunje, waiweke sandukuni na majani makavu ya kufukuza nondo, roho zitulie.

Msimdhanie mwanamke wa huzuni. Alikuwa mfupi, mpana, anavuta kiko, na kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohane alicheza kuzunguka moto mpaka vijana wakaomba maji. Mimi nilimwita komadre kwa sababu alisimamia ubatizo wa wanangu wote. Kila nikipita mlangoni kwake alinipima kwa macho.

"Komadre Zulmira, punguza kuskusi. Unavyokwenda hivi utanimalizia kitambaa."

"Utatangulia wewe, mwenye moshi kifuani."

"Nikitangulia nitakuwekea kiti. Cha mtu mmoja na nusu."

Sheria za sanda tulizikuta, hakuna aliyezihoji. Uzi haukatwi kwa meno. Vipande vinavyobaki havitupwi, vinaingia jenezani pamoja na marehemu. Na kubwa kuliko zote, uzi haupigwi fundo, mwanzoni wala mwishoni, kwa maana roho iliyovaa fundo itakwama siku ya hukumu, na Mtakatifu Mikaeli ataiweka kando ya mizani yake mpaka fundo lifunguke lenyewe. Nani alisema hayo? Kila mtu. Padre aliyetujia juu ya punda mara mojamoja hakukubali wala hakukataa. Alikunywa kahawa yake akaenda zake.

Sasa mzee Belarmino akaugua. Sikumpenda mtu huyu, na sitaanza kumpenda kwa sababu amekufa. Mwaka wa ukame mkubwa, mbuzi wetu walipokuwa wakianguka njiani na watu wakichimba mchanga wa mto kutafuta unyevu, kisima chake peke yake kilikuwa na maji. Akakizungushia boma, akatia lango, akatia na kufuli. Mbuzi wake walinona. Makaburini kwetu kuna safu ya misalaba midogo ya mwaka ule, na kila mama anaujua wake.

Miaka ikapita, naye miguu ikavimba, moyo ukawa unamruka, akalala bila kuinuka tena. Hapo ndipo hofu ilipomkamata. Watumishi walisema anashika nguzo za kitanda na kupiga kelele kwamba anaiona mizani. Akaagiza sanda ya kahawia, kama kanzu ya Mtakatifu Fransisko, na akatuma neno kwa komadre wangu: pasiwe na fundo hata moja, kwa roho yake, hata moja.

Komadre akashona, akapeleka. Binti wa mzee, Leonor, aliyekuwa na mkono wa kuchunguza kila kitu, akapitisha kidole chini ya mshono. Akasimama. Akapitisha tena. Kisha akapiga yowe lililosikika mpaka kanisani, maana sanda ya baba yake ilikuwa na mafundo mwanzo wa kila uzi na mwisho wa kila uzi.

Kahawa ya jioni haijachemka, kijiji kizima kilikuwa mlangoni kwa Dona Eufrazina. Watu walikuwa wameshapiga hesabu mbaya: kama amefanya hivi kwa Belarmino, amewafanyia nini waliotangulia? Mama zetu je? Waume zetu? Wanawake walikuwa wakilia kama kwenye matanga mapya.

"Komadre, sema ni uongo," nilimwambia. Mume wangu mwenyewe alikuwa chini ya udongo na sanda ya mkono wake.

"Uongo wa nini? Mafundo ni yangu. Nimeyapiga kwa mikono hii."

"Na ya mama yangu?" akapaza sauti Nivardo, fundi wa ngozi.

"Mama yako alikuwa mzito, Nivardo. Yeye nilimpigia mawilimawili, asije akapasukiwa mbele za watu."

Mtu mmoja akacheka, akazibwa mdomo na mkewe. Nivardo akaanza kutukana. Komadre hakujibu, alikung'uta kiko chake kizingitini, na katikati ya zogo hilo Leonor akafika anahema.

"Baba anakuita. Anasema umempoteza mama."

Mke wa mzee, Otília, alikuwa amezikwa na sanda ya mkono huohuo. Komadre akajifunga kitambaa kichwani akaenda, na mimi nikamfuata. Sikumfuata kwa wema. Nilitaka kumwona Belarmino akiogopa. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja.

Tulimkuta amekaa kitandani kwa mito, uso umekuwa wa majivu, sanda imetupwa sakafuni.

"Mchawi wewe," akasema. "Otília wangu amekosa nini? Amesimama mlangoni mwa mbingu miaka yote hii kwa ajili yako!"

"Shikamoo kwanza, mzee," komadre akasema. Akaiokota sanda, akaikung'uta, akaketi bila kukaribishwa. "Sanda ya kwanza niliyoipiga fundo ilikuwa ya mwanangu Damiana. Ile ndogo. Nilitaka kufuata sheria kama wewe unavyotaka. Mikono ikakataa. Uzi unachomoka, mshono unaachia, mtoto anabaki wazi. Nikapiga fundo. Halafu nikakaa nikingoja niogope."

Komadre akailaza sanda magotini, akaendelea.

"Sikuogopa. Nilijisikia nikisema kwa sauti, mwenyewe chumbani. Nikasema, Bwana, mtoto huyu alipozaliwa, mkunga alimfunga kitovu kwa uzi, akapiga fundo, ndipo akaishi, na wewe ulikuwepo unaangalia ukafurahi. Leo utamrudisha kwa ajili ya fundo? Tangu siku hiyo nimewapigia wote. Sikutaka mtoto wangu awe peke yake."

Wote tuliokuwemo tuliijua tarehe ya kifo cha Damiana. Belarmino naye aliijua, maana sauti ilipomtoka haikuwa tena ya kugomba.

"Alikufa mwaka ule."

"Mwaka ule."

"Wa kisima."

"Ndiyo. Wa kisima."

"Basi nimekwisha," akasema mzee. "Hata ungenishonea kwa nywele za malaika, nimekwisha." Akaanza kutetemeka, kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nilikuwa nimengoja kuliona jambo hilo, na nilipoliona sikulipenda. Mtu mzima kutetemeka vile si kitu cha kutazama.

Dona Eufrazina akamshika kifundo cha mkono, kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbia.

"Nisikilize. Ulitia kufuli. Nilisimama langoni na ndoo, ukanitazama, ukaingia ndani. Sitakuambia hukufanya. Huko unakokwenda hutaulizwa habari za uzi, utaulizwa habari za maji, nawe utasema ndiyo, nilifunga. Usijifiche nyuma ya mshono."

"Atanitupa."

"Nilikuchukia, Belarmino. Nilikuwa nikipita hapa natema mate. Nilikuombea kila baya, na mengine nikayabuni mwenyewe. Halafu nikachoka. Nikakusamehe, nikiwa naosha vyombo, hata sikukuambia. Mimi! Mwenye mdomo mchafu na roho ndogo kama choroko. Nimeweza. Sasa unataka kuniambia Yeye, aliyekubali kupigiliwa misumari kwa ajili yako, atashindwa na jambo nililoliweza mimi?"

Nililia. Sioni aibu kulisema. Nililia kwa ajili ya misalaba ile midogo, na kwa ajili ya mume wangu na mafundo yake, na kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilifikiria siku ya hukumu bila kutaka kujificha. Anayekaa kwenye kile kiti cha hukumu anatupenda. Nilikuwa nimeimba hivyo kanisani tangu utoto, na nilikuwa sijaamini hata mara moja.

Mzee naye alilia, muda mrefu, kwa kelele, bila kujifuta. Alipomaliza akamwita Leonor na kumwambia awatume vijana wakang'oe lango la kisima, siku hiyohiyo, na dirisha liachwe wazi asikie. Leonor akatoka. Tukasikia shoka, kisha mbao zikianguka.

Leonor aliporudi alikuwa ameshika mkasi. "Nipe hiyo sanda, Dona Eufrazina. Nitafumua yote nishone upya, Baba alale vizuri."

"Acha," mzee akasema. "Otília ana mafundo mangapi?"

"Mengi," akajibu komadre. "Alikuwa na kifua kipana."

Belarmino akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alicheka. "Mwanamke yule hajawahi kuzuiwa mlangoni popote."

"Basi."

Mzee akanyoosha mkono. "Nitungie sindano. Kola haijakaza."

Komadre akatunga uzi, akampa. Vidole vya mzee vilikuwa vimevimba, sindano ikamponyoka, nikaiokota nikamrudishia. Mimi, Zulmira, nilimwokotea Belarmino sindano. Akashona mishono michache iliyopinda. Kisha akauzungusha uzi, akaupitisha, akavuta kwa nguvu zote alizobaki nazo, na likatoka fundo baya, kubwa, la kuonekana kutoka mlangoni. Leonor akafumba macho.

Mzee akaliminya kwa kidole gumba kuona kama limeshika. Akajilaza kwenye mito, sanda kifuani, kitanda kimetulia.

"Haya," akasema. "Sasa na waniite."