Utani wa Chenayi Kabla ya Msiba

Sekesai anauza mitumba Mbare, na anajulikana soko zima kwa vibao vyake. Huchana boksi la sabuni, akashika kalamu ya wino mzito na kuandika: "Koti la daktari. Mgonjwa hakupona, koti zima." Au: "Suruali hii ilimkimbia mzungu wake. Usiulize sababu."

Hakuanza kwa ajili ya biashara. Alianza mumewe alipovuka mpaka kwenda Johannesburg akanyamaza hukohuko. Kifua kilimjaa, chakula hakipiti. Siku moja akaandika kibao, "Mume amepotea. Mkimpata, kaeni naye," akakitundika juu ya magauni. Watu wakacheka, na jioni ile alikula sadza, ugali wa kwao, akaimaliza. Tangu hapo kila kilichomkaba alikiandika kikawa kichekesho. Kwamba vicheko viliuza nguo, hiyo ilikuwa nyongeza, naye si mtu wa kukataa nyongeza.

Chenayi, shoga yake, alikuwa pia mtani wake wa kurithi. Koo zao zilikuwa zikizikana tangu enzi za mababu: mmoja akifa, mwenzake ndiye husimama msibani, akamwigiza marehemu na kumkejeli mpaka wanaolia wacheke. Kazi hiyo haifanywi na mtu mwingine.

Saratani ya koo ilimchukulia Chenayi sauti kwanza. Sekesai alikuwa akifunga genge anapitia kwake, yeye akiongea kwa mdomo na mgonjwa akijibu kwa penseli.

"Utasema nini siku yangu?" Chenayi aliandika.

"Siku gani?"

"Usijitie ujinga. Msiba wangu, na mimi peke yangu ndiye nitakayekosa uhondo."

"Nitolee uchuro hapa! Mambo hayo hayatamkwi mtu akiwa hai. Mama mkwe wako akisikia, mchawi mimi."

"Basi usitamke. Andika."

Sekesai alipima kama anavyopima belo la mitumba kabla ya kulikata kamba. Hasara aliiona wazi. Faida ilikuwa kicheko kimoja cha mtu anayekufa. Akalinunua.

Kesho yake alileta boksi limeandikwa pande zote. "Marehemu aliimba kanisani kwa sauti iliyowarudisha watu kwenye dhambi. Mungu kachukua koo kwanza, akaogopa kumwita nalo." Na chini yake: "Leo ndiyo mara ya kwanza amefika mahali kabla yetu."

Chenayi alisoma. Mabega yakaanza kumtikisika, machozi yakamtoka, akawa anapiga godoro kwa kiganja bila sauti yoyote. Akaomba penseli: "Ongeza la mume wangu na ile suti yake ya harusi."

Sekesai alikuwa ameinama anaongeza, mama mkwe akaingia na uji. Aliweka bakuli chini, akalichukua boksi, akasoma taratibu kwa midomo.

"Kumbe umeshamzika!"

"Mama, ni yeye aliyeniomba. Muulize."

"Nimuulize kwa mdomo upi?"

Chenayi alikuwa anaandika kwa haraka, lakini bibi hakugeuka kumtazama. Aliondoka na boksi.

Mwezi haukuisha, Chenayi akafa. Sekesai alikwenda msibani amevaa nguo kinyumenyume, kilemba upande, tayari kwa kazi. Mama mkwe alikuwa amesimama getini.

"Unataka nini?"

"Nimekuja kwa mtani wangu."

"Mtani wako ulimzika akiwa anapumua. Umebakiza nini?"

Mume wa Chenayi akatoka ndani, macho yamevimba. "Mama, mwache apite. Tutamzikaje bila mtani?"

"Tutamzika kavukavu. Ukimpitisha huyu, mimi natoka."

Mwanamume akamtazama mama yake, akamtazama Sekesai, akarudi ndani.

Sekesai hakubishana. Mtu akiuza kitu, bei ikishalipwa, hana cha kudai. Alikaa nje ya ukuta. Mwanamke mmoja wa sokoni akamfuata na kuchuchumaa karibu yake.

"Dada Seke, sema hata moja tu, hapahapa. Watu wanapasuka kwa majonzi humo ndani."

"Sina. Zote kazichukua Chenayi mwenyewe."

"Alicheka?"

"Alicheka."

Jeneza lilitolewa kimya. Hakuna aliyelizuia njiani kwa mzaha, hakuna aliyejilaza mbele ya gari. Mume wa Chenayi alikuwa akilia kwa sauti, akaendelea hivyo hadi makaburini, na hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumchekesha.