Mkono wa Kushoto wa Bridgit

Kapteni Musyoka alikuwa na tabia ya kumpiga Bridgit mkononi. Haikuwa siri. Kazini kila mtu alijua, na wengi walicheka. Mkono wake wa kushoto ukisogelea tu vishikio vya nguvu za injini kabla hajaambiwa, Musyoka aliinua ile karatasi ngumu ya ukaguzi, iliyovishwa plastiki, na kuishusha pwaa kwenye vidole vyake. "Mkono nyumbani," alisema, kama anayefukuza paka mezani. Bridgit aliurudisha mkono pajani na kunyamaza.

Kunyamaza alikujua zamani. Alizaliwa Kianda, kule Kibera, Nairobi, na baba yake, Boaz Wekulo, fundi seremala, alimpiga kwa rula ya mbao kwa kosa na bila kosa. Mtoto alijifunza mapema kwamba ukivuta mkono unaongezwa. Usipouvuta, yanaisha. Ndege za uwanja wa Wilson zilipopita juu ya paa, masufuria yaligongana ukutani na Boaz alisimama, rula ikiwa juu, akingoja kelele ipite ndipo aendelee. Bridgit akazipenda ndege kwa sababu hiyo. Mimi sijasikia sababu bora.

Kanisa lilichanga karo ya urubani, shirika fulani likamalizia, na leo yeye ni rubani msaidizi kwenye ndege ndogo ya propela mbili, ya abiria kumi na tisa. Amepanga chumba Gatina, Kawangware, ghorofa ya tatu, ambako majirani wanaamini rubani hushinda akiletewa juisi na warembo waliovaa skafu. Laiti wangemwona. Ndege ile haina mhudumu, haina choo, na haina kitu cha kujiendesha yenyewe. Unaishika kwa mikono tangu kuruka hadi kutua, na jioni mabega yanauma kama ya mtu aliyefua blanketi za ukoo mzima. Mlango wa kutenga marubani na abiria pia haupo. Kuna pazia. Abiria wa mbele anaweza kukuhesabia nywele za kisogoni.

Pazia hilo ndilo lililoleta balaa siku ya mazishi ya Osewe.

Osewe alikuwa fundi wa mjengo aliyeanguka kutoka ghorofani. Mwenye jengo aliona afadhali azikwe upesi, kabla watu hawajaanza kuuliza maswali, basi akakodi ndege mpaka Kisumu. Viti vya upande mmoja viling'olewa na jeneza likafungwa sakafuni kwa mikanda. Mjane, Trizah, aliomba jambo moja tu, kwamba mumewe apitishwe kwanza nyumbani kwake Kianda, aage mlango wake. Bridgit alielewa. Watu wa ziwa na watu wa Magharibi hawamwondoi mtu mjini kama gunia, wanamwambia anakokwenda. Lakini mjumbe wa mwenye jengo alisema hakuna wakati, na Obiero, ndugu wa marehemu, akakubali. Alipopanda ndege uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza mfupa.

Walipoanza kuikaribia milima ya Mau, rada ilikuwa nyekundu upana wote.

"Kapteni, hiyo mbele si mvua ya kupita. Wacha turudi, ama tuzunguke," Bridgit alisema.

"Nimepita hapa ukiwa nasari."

Bridgit alipeleka mkono apunguze mwendo. Pwaa. Akaurudisha pajani. Watu tisa na maiti mmoja walikuwa nyuma yake, alijua kabisa wanakopelekwa, na bado aliurudisha. Hilo linanikasirisha mpaka leo.

Wingu liliwapokea kwa ngumi. Ndege ilirushwa juu, ikaachiliwa, na kichwa cha Bridgit kikagonga dari licha ya mkanda. Mvua ya mawe ilipiga kioo kwa kishindo ambacho hakikuacha nafasi ya neno. Usukani ulikuwa ukimng'oa mikono. Nyuma watu walilia na kutapika, na jeneza, ingawa mikanda ilishika, lilikuwa likigonga sakafu, du, du, kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Obiero alilisikia hilo. Alifungua mkanda wake, akaja akishikilia viti, akang'oa pazia.

"Ndugu yangu amekataa kwenda," alisema sikioni mwa Musyoka. "Rudisha ndege."

Musyoka hakugeuka. Alimpiga kiwiko cha mdomo. Obiero alikuwa mtu wa kuvunja mawe. Alimshika kapteni ukosi na kukigongesha kichwa chake kwenye nguzo ya dirisha, mara ya kwanza, mara ya pili. Damu ilirukia vioo vya mitambo. Musyoka akalegea, akaulalia usukani kwa uzito wake wote.

Sukani zile mbili zimeungana; wa kushoto ukienda mbele, na wa kulia unafuata. Pua ya ndege ilishuka. Bridgit alivuta kwa mikono yote miwili, miguu ikikanyaga sakafu, na haikupanda. Vidole vya Obiero vilimkamata nywele, kichwa chake kikavutwa nyuma.

"Na wewe. Rudisha."

Mkono wa kushoto, ule wa kupigwa, ndio uliofanya kazi. Uliachia usukani, ukakunja ngumi, ukaenda nyuma na kumvunja Obiero pua. Bridgit aliisikia ikivunjika na, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Narudi," alimwambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. "Nilitaka kurudi kabla yako. Sasa mtoe huyu kwa usukani, ama tuzikwe wote na Osewe."

Mikono ile ile iliyompasua kapteni ikamshika makwapani na kumvuta nyuma. Pua ya ndege ilipanda taratibu, huku msitu ukionekana chini kwa ukaribu ambao hakuna rubani anayeutaka. Bridgit aliigeuza mashariki. Trizah alifika akitambaa, akakipakata kichwa cha Musyoka na kulikandamiza jeraha kwa leso yake ya msiba.

Njia ya kutua Wilson ilipitia kando ya Kibera. Mabati yalipoonekana, Bridgit alisema bila kugeuka, "Mama, Kianda ndio hiyo, upande wako. Mwambie."

Trizah aliweka kiganja juu ya jeneza na kumwambia mumewe kwamba nyumba yake ni ile, kwamba wamepita, na kwamba sasa anakwenda kwao. Obiero alilia kwa kwikwi, damu ikimtiririka kidevuni. Bridgit naye alilia, mikono ikiwa kwenye usukani.

Ndege ilitua kwa kishindo kilichopasua gurudumu. Walinzi wa uwanja walimshusha Obiero kwa marungu, wakampiga akiwa amelala chini, hadi Bridgit alipomlalia juu, na rungu moja likamkuta yeye begani. Kituoni alieleza yote: kichwa cha kapteni, pua ya Obiero, rada nyekundu, na ile karatasi. Obiero alifungwa, na hakulalamika. Osewe alikwenda kwao kwa barabara, akitokea mlangoni kwake.

Musyoka alirudi kazini na kovu refu juu ya jicho. Kampuni ile, isiyo na aibu, ikawapanga pamoja safari ya kwanza kabisa. Hawakusalimiana. Juu ya Mau wingu lilikuwa limekaa palepale, jeusi, na Bridgit akapeleka mkono wa kushoto kwenye vishikio.

Karatasi iliinuka. Haikushuka, kwa sababu Bridgit alikuwa amekidaka kiganja cha Musyoka hewani, akakikunja kidogo kidogo mpaka kapteni akauma meno na karatasi ikaanguka sakafuni.

"Mkono nyumbani," Bridgit alisema. "Tunazunguka."

Musyoka aliurudisha mkono wake pajani, na ndege ikazunguka.