Kiti Kimoja cha Mbele

Gari la baba lilikuwa la Kimarekani, refu, pana, la rangi ya maziwa, na mbele halikuwa na viti viwili bali kimoja tu, kama kochi, cha kukaa watu watatu. Baba alikaa kwenye usukani, mama katikati, na mimi dirishani, maana kaka alipenda kutawala nyuma peke yake. Hivyo ndivyo tulivyokwenda kupunga upepo pwani ya Bustan kila Ijumaa baada ya chakula. Hata sisi watoto tulipokua na kuolewa na kuoa, mama aliendelea kukaa pale pale katikati, ubavuni mwa baba, dirisha akaliacha tupu. Tulimtania sana, naye akituambia tushike yetu.

Gari hilo lilinistaajabisha tangu utotoni, na mpaka leo sijazoea. Jua la Maskati lilipasua dashibodi na kula rangi ya paa, lakini injini haikuwa na habari. Mita ilifika mwisho wa tarakimu zake, ikarudi sifuri, ikaanza upya. Mlango ukiufunga ulitoa mlio mmoja mnene, na mimi nikiusikia nilijua tuko salama. Baba alikuwa akilipiga boneti kofi na kusema ng'ombe hazeeki maini.

Zamani mitaa ya kwetu Azaiba ilijaa magari ya namna hiyo. Yakapungua moja moja, wala hatukuona yanakwenda. Niligutuka siku niliyomsindikiza kaka mpaka Wattaya, kwenye maduka ya magari, kununua gari jipya. Nilimuuliza muuzaji kama wanayo yale marefu, ya chini, yenye kiti kimoja mbele. Akacheka kwa adabu, akasema hayatengenezwi tena, hata huko Marekani kwenyewe watu sasa wanataka ya juu. Niliingiwa na uchungu kama niliyepewa habari ya msiba. Kaka akanunua la juu, ambalo mama hawezi kulipanda mpaka ashikwe kiuno. Mama alilizunguka, akalisifu, kisha akasema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Baba alipofariki, mama aliingia eda. Hakutoka nyumbani, na ufunguo wa gari ukalala chini ya mto wake. Gari nalo likabaki uani joto lote lile la kiangazi, likafunikwa na vumbi, tairi zikalegea. Hakuna aliyethubutu kuomba ule ufunguo. Asubuhi eda ilipokwisha, kaka alikuja na gari la kuvuta magari mabovu. Hakuwa na roho mbaya. Aliona mama ataumia kulitazama likioza.

"Mama, khalas, hili limekwisha," alimwambia.

"Nani kakwambia? Nnataka kwenda Bustan, na nnataka kwenda nalo. Likikataa kuwaka, lichukueni, sitosema kitu."

Alifungua mlango mwenyewe, akajisogeza taratibu mpaka katikati bila ya kushikwa na mtu. Akanipa ufunguo. Upande wa dereva kiti kilikuwa kimebonyea kwa miaka ya uzito wa baba, nami nikazama humo humo. Niliogopa. Mahali pa mama pa katikati hapakuwapo katika gari jingine lolote, naye alijua hivyo kuliko mimi.

Betri ilikuwa imekufa, kama tulivyotazamia. Dereva wa gari la kuvuta akatuunganishia nyaya kutoka kwenye betri yake. Nikasema bismillahi, nikazungusha ufunguo.

Likakohoa, likanguruma, kisha likatulia kwenye sauti yake ile ile ya chini niliyoijua tangu nikiwa mtoto wa dirishani. Nilistaajabu hata nikasahau kuutoa mkono kwenye ufunguo. Yule dereva alilizunguka lote, akipapasa mabati yake na kusema mashallah. Kaka akatoa pampu garini mwake, akazitia tairi upepo moja baada ya nyingine, akamshukuru yule dereva na kumruhusu aende zake. Gari lake jipya akaliacha getini, akaja kukaa dirishani, na ule mlango ukafunga kwa mlio wake mmoja.

Mama alikuwa akipangusa vumbi la dashibodi kwa ncha ya mtandio wake.

"Haya, mwenzangu," aliliambia gari, "eda yetu imekwisha."

Kaka akageuza uso akatazama nje, nami nikatia gia.