Mlangoni kwa Mshona Maturubai

Kidawa na Lyse walifika Durban mwaka mmoja, mmoja akitoka Tanga, mwingine Bujumbura, wakapanga chumba kimoja kule Berea. Mwanzoni Kidawa ndiye aliyeng'ara. Alisuka nywele, na wateja walimpenda kwa maneno yake matamu. Lyse alinunua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na nyuzi za nailoni, akaenda kukaa kando ya uzio huko Clairwood, malori yanakopishana kutwa, akiwaambia madereva kwamba anashona maturubai yaliyochanika. Madereva walicheka. Kidawa naye alicheka, tena kwa sauti.

Ususi ulipomchosha, Kidawa akauza vitenge. Vitenge vilipokawia kutoka, akahamia kwenye juisi, kisha vipodozi. Kila biashara aliipa miezi minne mitano, akaitupa. Lyse alibaki palepale kwenye uzio, vidole vimempasuka. Kuna wiki alizorudi bila kushona hata kiraka. Siku moja turubai alilolishona lilivuja, magunia ya sukari yakalowa. Hakujificha. Alifumua mshono wote akaurudia bure, mvua ikimnyeshea, dereva amesimama pembeni akimtukana.

Dereva huyohuyo ndiye aliyemletea wenzake.

Mwaka wa tisa Lyse alikuwa na karakana, mafundi wawili na cherehani tatu nzito. Kidawa aliuza mayai ya kuchemsha nje ya mlango wa karakana hiyo. Kila lori lililoingia lilimchoma. Akimsikia Lyse akicheka na mteja, aligeuzia uso barabarani. "Ana nini huyu nisichokuwa nacho?" alijiuliza. Jibu alilijua, na ndilo lililomuuma.

Jumanne moja Lyse na mafundi wake walifunga mlango wakaenda Queensburgh kupima lori la kushonewa turubai. Akaja Prodige, dereva Mkongo.

"Mama Lyse iko?"

"Amefunga kabisa," Kidawa akajibu kabla hata hajafikiri. "Amehamia Joburg. Tafuta mwingine."

Prodige akazima injini. "Eish, Joburg? Hapana. Angeniambia. Nitamungoja."

Akangoja saa tatu nzima. Alinunua hata mayai mawili, akala taratibu, na Kidawa akatamani yamkwame.

Lyse aliporudi, Prodige akamweleza yote. Lyse akamwendea Kidawa.

"Umesema nimehama?"

Kidawa alitaka kukana, ulimi ukagoma. "Nimesema."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu tulifika mwaka mmoja!"

"Ni kweli tulifika pamoja," Lyse akasema. "Lakini mimi nilikaa kwenye uzio, wewe ukinicheka." Akafuta jasho. "Nahitaji mtu wa kugonga pete za chuma za kupitishia kamba kwenye pindo za maturubai. Ukitaka, njoo. Usipotaka, uza mayai yako, ila wateja wangu usiwaguse."

Siku tatu Kidawa hakutoka chumbani kwake kwa hasira na aibu. Siku ya nne akaenda. Wiki ile ya kwanza alijigonga vidole, akapinda pete, na mara mbili alivua aproni aondoke. Hakuondoka.

Sasa ana mwaka wa pili pale, na baadhi ya madereva humuulizia yeye kwa jina. Wivu haujamwisha. Mteja akimsifu Lyse mbele yake, moyo bado humfukuta. Huinama tu, akavuta turubai karibu, akaendelea kugonga.