Miezi Mitatu Nikila kwa Waashi

Mama yangu hakuwa mtu wa sheria nyingi, lakini moja aliishika kama sala: ukikaribishwa chakula, unakula. Tuliishi Nakuru, karibu na stesheni ya reli, katika ploti yenye vyumba vinane na uwanja mmoja. Walikuwamo Wajaluo, Wakikuyu na Wakisii, na katika chumba cha mwisho familia ya Kiislamu yenye asili ya Pwani, baba akiwa fundi cherehani. Katika ploti kama ile, kukataa chakula cha jirani ni kumwambia mbele ya watu kwamba huuamini mkono wake.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, mke wa fundi cherehani alinipa chapati nami nikasema nimeshiba. Ni kweli nilikuwa nimeshiba. Mama alisikia. Alinivuta sikio hadi mlangoni kwa yule mama, nikaomba radhi, nikala chapati mbili nimesimama. Sasa wanawake wengine walikuwa wanatazama, na mama akaogopa wataona tunapendelea mlango mmoja. Basi nikapitishwa mlango hadi mlango: nduma, uji, kichwa cha samaki, viazi vitamu. Niliugua tumbo siku mbili. Mama alitembea uwanjani kifua mbele wiki nzima.

Hayo ndiyo malezi niliyoondoka nayo kwenda Hispania mwishoni mwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao kule Elburgon, nami nilikuwa nimeanza useremala katika karakana ya Kalasinga mmoja mjini. Padri mmoja Mhispania aliyenipenda, au aliyechoka kuniona nimekaa mlango wa kanisa, alinitafutia nafasi katika chuo cha ufundi wa mbao kwao, katika mji mdogo uliozungukwa na misonobari. Nakuru nzima ilikuja kunipa mashauri, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika mbali zaidi ya Mombasa. Mama alingoja mpaka gari moshi lilipopiga king'ora, ndipo akanishika mkono.

"Huko hawanijui," alisema. "Watakutazama wewe unavyokula na unavyosalimia, halafu watasema, mama yake alimlea hivi. Usinitie aibu."

Nikamwahidi. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuona ugumu wowote katika jambo hilo.

Baada ya meli nilipanda treni ya kwenda bara, siku nzima, benchi za mbao, watu wanane tukitazamana magoti. Mimi ndiye niliyetazamwa zaidi, maana nadhani hawakuwa wamewahi kupanda treni na mtu mweusi. Saa saba mama mmoja mnene alifungua kikapu, akatoa viazi vilivyokaangwa ndani ya mayai, kitu kinene kama godoro la bweni. Kabla ya kula alitugeukia sote, mmoja mmoja, akauliza kama tungependa. Wote walisema asante, wakamtakia mlo mwema. Zamu yangu ikafika. Nikasema ndiyo, tena kwa sauti, ili asije akadhani siuamini mkono wake.

Alinitazama kidogo, akakata. Nilikula nusu ya lile godoro. Kisha mwanajeshi aliyekaa dirishani akafungua mkate na soseji nyekundu, naye akauliza. Wote wakakataa. Nikakubali. Halafu mzee mmoja na jibini. Halafu watawa wawili na machungwa. Mpaka tunafika nilikuwa nimekula chakula cha watu watano na kunywa divai kutoka mfuko wa ngozi, ambayo nusu yake iliingia kwenye kola ya shati langu jipya.

Niliteremka nikiwahurumia. Nilijiambia, watu hawa ni wakarimu kupita kiasi, lakini maskini, hawaaminiani. Jirani anamkaribisha jirani na hakuna anayethubutu kuonja! Lazima huko nyuma waliwahi kulishana sumu. Niliona ni bahati yao kwamba sasa nimefika mimi.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja aliyeweka wapangaji wanne. Kutoka pale hadi chuoni ni mwendo wa robo saa, na katikati ya njia palikuwa na waashi wakijenga shule. Saa saba nilipokuwa narudi, waashi sita walikuwa wamekaa juu ya mawe, kila mmoja na chombo chake cha bati mapajani. Siku ya kwanza niliwasalimia. Mzee wao, mwenye kofia bapa nyeusi na mikono iliyopasuka kwa chokaa, aliinua kijiko akaniuliza kama ningependa.

Nikakaa.

Zilikuwa zile dengu nene ambazo Wahindi wenye maduka Nakuru waliziita chana, zimechemshwa na mfupa na kipande cha mafuta. Mzee alifuta kijiko chake kwa suruali akanipa. Wenzake walinyamaza, nikachukulia ni heshima. Kesho yake tena nikasalimia, tena akauliza, tena nikakaa. Kuanzia siku ya nne alikuwa na vijiko viwili. Nilimfundisha kusema "habari yako," naye alinifundisha maneno ambayo mwalimu wangu wa Kihispania aliniomba nisiyarudie darasani. Kisha nilikwenda nyumbani kwa mjane nikala chakula changu cha mchana, maana nacho kilikuwa kimelipiwa na singeweza kumtukana mjane. Nilinenepa. Nikamwandikia mama kwamba asihofu, huku nakula kila mlango, na watu wanamsifu bila kumjua. Alijibu kwa mkono wa mwandishi wa barua wa pale sokoni kwamba ameisomesha barua yangu mbele ya ploti nzima, mara mbili.

Mambo yaliharibika Jumapili moja ya Januari. Mpangaji mwenzangu, karani wa posta, alikuwa na desturi ya kuleta mezani jibini aliyotumiwa na dada yake, akatukaribisha, nami nikawa nasaidia. Siku hiyo niliona amebaki chumbani kwake, mlango umefungwa, na harufu ya jibini inatoka chini ya mlango. Nilikasirika. Nilimwambia mjane kwamba jambo hili limenifika kooni, kwamba hii nyumba haina imani, watu wanafichana chakula, na kama angeniruhusu ningewaeleza wapangaji wake, bila kumwudhi mtu, namna watu wanavyoishi Nakuru.

Mjane alikuwa anakung'uta kitambaa cha meza. Alikiweka chini. Alianza kucheka taratibu, kisha akakaa, akajifuta macho kwa aproni. Alipopata pumzi alinieleza kama anavyoelezwa mtoto. Hapa kwao, mtu yeyote anayekula mbele ya wengine lazima awakaribishe. Na wao lazima wakatae. Ndipo yule hula chakula chake kwa moyo safi na wengine humtazama kwa moyo safi. Ni salamu tu.

"Kwa hiyo hakuna anayekubali?" niliuliza.

"Mwanangu," alisema, "nina miaka sitini na miwili. Wewe ndiye wa kwanza."

Sijui kama umewahi kuona aibu ikikuanzia kwenye nyayo. Nilimwona yule mama wa treni na nusu ya godoro lake. Niliwaona watawa na machungwa yao. Lakini zaidi nilimwona mzee mwashi, mtu anayebeba mawe tangu alfajiri, akigawana na mimi dengu zake, tangu Oktoba, kwa sababu tu siku moja alinisalimia. Na kila siku nilikuwa narudi kula mara ya pili! Maneno ya mama pale stesheni yalinirudia yote. Alikuwa Nakuru akitembea kifua mbele, na huku mji mzima ulikuwa unajua kwamba amezaa mlafi.

Kesho yake nilibadili njia. Nilizunguka nyuma ya makaburi na kiwanda cha ngozi, dakika arobaini, katika baridi ambayo hata Elburgon asubuhi ya Julai haijawahi kuiota. Mezani nilikataa kila kitu. Mjane akileta supu nasema asante, akileta mkate nasema asante, mpaka akanikumbusha kwamba chakula hicho ni changu nimekilipia. Karani wa posta alirudi mezani na jibini yake akiwa mtu mwenye furaha sana. Kwa mama sikuandika. Kila nikishika kalamu naona ploti nzima imekaa kusikiliza, na sina la kuwaambia.

Wiki ya tatu, Jumapili baada ya misa, mjane aliniita mlangoni. Mzee mwashi alikuwa amesimama pale katika suti nyeusi, ile kofia mkononi. Bila chokaa alionekana mdogo. Nilitaka kukimbia, lakini nyuma yangu alikuwa amesimama mjane, na hakuwa mwanamke wa kupishana naye kwenye ujia.

Nilianza kuomba radhi mara moja. Nilisema sikujua, nilisema kwetu ni vingine, nilisema nitamrudishia, ingawa sikujua dengu za miezi mitatu hurudishwa vipi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuja kwa hayo," alisema. "Mke wangu anapika ya wawili tangu wiki ile ya kwanza. Sasa nusu inarudi nyumbani kila siku. Ananiuliza nilikuambia nini kibaya. Nimemwambia sikukuambia kitu, haamini. Njoo umwambie mwenyewe, maana mimi nyumbani sina raha."

Tulikwenda kwa miguu. Njiani nilijikumbusha nilichofundishwa: nitakataa mara ya kwanza, nitakataa mara ya pili, nitawatakia mlo mwema na kuondoka kama mtu aliyelelewa. Nilikuwa nimeyapanga maneno kichwani moja moja. Safari hii mama hataaibika.

Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja na jiko. Mke wake, mwanamke mfupi mwenye vazi jeusi, alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akamwambia mumewe nimekonda na kwamba ni kosa lake. Meza ilikuwa imekwisha kuandaliwa sahani tatu. Nilibaki nimesimama nikingoja ile karibu yao, ili nipate kuikataa vizuri. Mzee alikaa. Mke wake alinisukuma bega nikaanguka kwenye kiti, akapakua dengu, akanitia kijiko mkononi.

Hakuniuliza kama ningependa. Aliniuliza mama yangu hutia chumvi kiasi gani kwenye dengu, kwa sababu alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu Oktoba na mumewe hakujua kuuliza. Nilijaribu kumwonyesha kwa vidole, kidogo hivi. Nililia palepale, machozi yakidondoka ndani ya zile dengu, ambazo chumvi yake ilikuwa tayari imetosha.