Nilifunga biashara tatu nikabaki na mbuzi moja kwa siku

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi ni mzee wa Kitengela, naandika na kidole kimoja, shule nilitokea darasa la nne, kwa hivyo mkiona makosa mnisamehe. Uongo sitaweka. Bibi yangu, Mama Mueni, yuko hapa kando anachambua maharagwe na amesema nikiongeza chumvi atachukua simu aandike comment ya kwanza yeye mwenyewe.

Nimeona vijana hapa mkibishana juu ya minimalist, ati mtu kuishi na vitu vichache. Sijui hilo neno lilitoka wapi. Lakini nilisoma maelezo nikasema, kumbe mimi nilifanya hiyo kitu kabla nijue iko na jina.

Nilikuja kutoka Mwala miaka ya tisini ikianza. Wakati huo plot ulikuwa unaonyeshwa na kidole: "Kutoka huu mti mpaka pale ng'ombe amesimama." Ng'ombe akisonga, mnaanza upya. Mnacheka, lakini ndivyo ilikuwa.

Nilibeba simiti kiwandani mpaka mgongo ukakataa. Nikafungua bucha. Chumba moja, ndoano nne, gogo na panga.

Mbuzi nilikuwa naletewa na Mzee Lemayian wa Kisaju. Huyu lazima niwaeleze kidogo.

Mmasai wa zamani haanzi na bei. Mnakaa, mnakunywa chai, anakuuliza habari. Wao wanaita lomon. Mvua, watoto, nani mgonjwa, nyasi iko wapi. Unajibu yote, halafu na wewe unamuuliza. Bei inakuja mwisho kabisa, kama kitu mlikuwa mmesahau.

Siku ya kufungua aliniletea mbuzi jike, mweupe, na weusi kuzunguka macho.

Akasema, "Hii si ya kisu. Hii ni ya boma yako."

Kwao mtu akikupa mbuzi, jina lako limeishia hapo. Mnaitana pakine, nyinyi wawili, siku zote. Jina langu Kioko likasahaulika. Hata sokoni mzee alikuwa ananiita akiwa mbali, "Pakine!" Mimi Mkamba niko mbali na kwetu, nilisikia kama nimepata ndugu.

Mbuzi alilelewa na Mueni, msichana wangu wa kwanza. Akamwita Miwani, kwa sababu ya yale macho. Asubuhi alikuwa anamkamua kikombe moja ya maziwa ya chai.

Sasa watu wakaanza kuhamia, nyumba zikaota kila mahali, business ikashika. Nikafungua hoteli. Nikaweka posho mill ya kusaga unga. Halafu mtu akaniambia Kajiado mjini nyama haitoshi, nikafungua bucha ya pili huko. Mtu anaambiwa Kajiado, kwa Wamasai wenyewe, hakuna nyama, na anaamini! Hapo mngejua kichwa imeshaanza kuharibika.

Nilikuwa na funguo kumi na moja kiunoni. Watoto wa plot wakinisikia wanasema Baba Kengele anapita.

Alfajiri niko slaughter nangoja daktari wa mifugo apige mhuri. Saa tatu Kajiado. Saa saba mkanda wa posho mill umekatika. Jioni wapishi wamepigana na mwiko. Tumbo ikaanza kuniwaka. Mama Mueni akaniambia, "Baba Mueni, siku utakufa, mimi nitaambiwa na customer."

Nilimjibu kwamba nafanya yote kwa sababu yao. Nafikiri kila baba amewahi kusema hiyo.

Na ile chai ya mzee ikaisha. Akifika namkuta mlangoni nimesimama, "Ngapi leo?" Anataja bei, anafunga shuka yake, anaenda. Hakuwahi kulalamika.

Sasa ikafika Jumamosi moja. Kulikuwa na harusi imeagiza nyama, na Kajiado wanangoja yao. Nikahesabu mbuzi, imepungua moja.

Wakuu, nilienda nyumbani nikafungua Miwani.

Mueni alikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Nilijiambia nitamnunulia mwingine wiki ijayo. Nilikuwa na haraka, nikambeba begani mpaka slaughter.

Alirudi akakuta kamba peke yake. Hakulia mbele yangu. Aliacha tu kuniamkia. Asubuhi naona mgongo. Nyama ikiletwa mezani, anasukuma sahani kwa ndugu yake.

Jumatatu mzee akaja. Niliuliza bei, akakataa kutaja. Akakaa kwa benchi bila kuambiwa.

"Mbuzi ya boma yako iko aje?"

Nikasema nilichinja.

Aliokota rungu yake. Halafu akasimama. "Sawa, Kioko."

Nimetukanwa na watu wengi katika hii maisha. Hakuna tusi imenichoma kama hilo jina langu.

Hakurudi tena. Mbuzi nilipata kwingine, hiyo haikuwa shida. Shida ni nyumbani nilikuwa napita kama mpangaji, na huko nje yule ndugu hayuko. Nikaenda Kisaju kumtafuta.

Alinipatia chai kama mgeni yeyote, akaanza habari. Mvua? Nikajibu. Mama? Mzima. Watoto? Wazima.

"Yule msichana mkubwa yuko darasa gani?"

"La tano."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mwaka jana nilipita kwako, yeye mwenyewe aliniambia ni la sita."

Nikahesabu na vidole chini ya meza. Mueni alikuwa darasa la saba.

"Kioko," akasema, "ni mimi nitakuletea habari ya nyumba yako?"

Nilirudi nikamwambia Mama Mueni. Hakunibembeleza. Alisema, "Punguza."

"Gani?"

"Zote. Ubaki na ile ulianza nayo."

Kajiado ikaenda kwanza. Hoteli nikaachia mpishi. Posho mill ikachukuliwa na Wanjohi, jirani yangu anayeuza mbao, akicheka mpaka anashika ukuta. "Wee Kioko, watu wanapanua, wewe unakunja? Ama umeokoka vibaya?"

Nikabaki na funguo mbili, ya bucha na ya nyumba.

Mbuzi moja kwa siku. Ikiisha nafunga, hata kama ni saa nane mchana. Mwanzoni customer walisema mzee anaringa. Baadaye wakajifunza kuamka. Sitawadanganya, gari niliuza, na plot ya pili sikununua mpaka leo. Lakini tumbo ilipona, na mchana nilikuwa nyumbani. Mueni bado hakuniongelesha, lakini nilikuwa karibu, nasikia.

Likizo ya Agosti nikamwomba anisaidie kuchagua mbuzi jike sokoni. Alitumia asubuhi nzima, anaangalia meno, anaangalia macho. Neno lilikuwa moja tu: "Hii."

Tukampeleka Kisaju. Mzee akatuketisha, akaanza. Mvua? Nikajibu. Mama? Nikajibu mpaka ni goti gani linamsumbua. Na huyu msichana?

"Darasa la saba. Namba nne. Hesabu ya mafungu haipendi, na mvua ikinyesha anaogopa radi ingawa anajifanya haogopi."

Mueni akageuka. "Baba, nani alikuambia mambo ya radi?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliniuliza tangu Miwani.

Mzee akachukua kamba ya mbuzi mkononi mwangu, akaita bibi yake ndani ya nyumba: "Leta chai ingine. Pakine amekuja."

Basi. Nilichojifunza ni kidogo: shika biashara ambayo ukiulizwa habari za kwako, hutahitaji kuhesabu na vidole chini ya meza.

Sasa na nyinyi mseme. Wenye biashara tatu, nne, nianze na nyinyi: mtoto wako mkubwa anaogopa nini? Jibu hapo chini, na usimuulize mama yake.