Mjukuu Asiyeogeshwa

Watu wa leo wana beseni la plastiki na sabuni ya kunukia, wakadhani kuogesha mtoto wamekuanza wao. Hawakumwona Bi Halima, kule kijijini chini ya Garsen, miaka ile ya hamsini, mto Tana ukijaa na kupungua kwa miadi yake, na mashamba ya ukingoni yakinuka tope jipya. Siku tamu zile, na hazirudi. Hakuna mtoto wa kijiji kile aliyeanza maisha mikononi mwa mwingine. Bi Halima alinyoosha miguu, akamlaza mtoto mchanga juu yake, akamwogesha asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshiwa majani, kisha akamkanda na kumnyoosha viungo huku akimwimbia. Ilisemwa kwamba mtoto aliyeogeshwa naye halii ovyo. Sifa hizo alizipenda, tena hakuzificha.

Mwaka wa mafuriko makubwa, Arafa, mke wa mwanawe Buya, alijifungua miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto alikuwa njiti wa kike, kichwa chake kinaenea kiganjani, na nguvu za kunyonya hana. Arafa alikamua maziwa kikombeni, wakamnywesha kwa kijiko, tone baada ya tone. Bi Halima alimfunga uzi mweusi mkononi, kama ilivyo desturi, akamwogesha kama alivyowaogesha wote. Angemnyimaje damu yake kile alichowapa watoto wa wenzake?

Maziwa yalishuka vizuri. Ajabu ni kwamba uzi, badala ya kubana, ulianza kulegea. Kila akitoka majini mtoto alikuwa baridi, midomo imepiga weusi, akalala kama mtu aliyeshinda akilima. Bi Halima alidhani majani hayatoshi, akaongeza. Kisha homa ikaingia, maana mbu wa mafuriko hawana huruma, na uzi ukaponyoka wenyewe. Buya alitia mtumbwi majini, akapiga kafi hadi Garsen, akarudi na Philemon, dresa, msaidizi wa tabibu wa zahanati.

Philemon alikuwa kijana wa hapohapo, na utotoni aliogeshwa na mikono ileile. Alimpa mtoto dawa ya homa, akauliza wanavyomlea, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa akifunga na kufungua mkoba wake. Kumkosoa Bi Halima mbele ya mkwewe halikuwa jambo jepesi.

"Mama, huyu hana mafuta mwilini," alisema hatimaye. "Maziwa anayokunywa ndiyo kuni zake. Akipata baridi, anazichoma zote kujipasha moto. Akipata homa, zinaungua tena. Hakibaki cha kumkuza. Acheni kumwogesha. Mfungeni kifuani ndani ya leso, na mumnyweshe mara nyingi zaidi, hata homa ikiwepo."

Bi Halima aliumia, na nani asingeumia? Maji yale yalikuwa mapenzi yake yote, naye ameambiwa kwamba ndiyo yaliyokuwa yakila maziwa ya mjukuu wake. Aliyamwaga nyuma ya nyumba, akavua ushanga wake usimkwaruze mtoto, akamfunga kifuani. Walipokezana na Arafa, huyu akikamua, yule akimpasha joto. Walioleta watoto wao kuogeshwa walirudishwa mlangoni kwa neno moja tu la samahani. Homa ikashuka. Polepole mashavu yakajaa, na siku moja mtoto akakamata titi mwenyewe, akanyonya kwa pupa hadi Arafa akacheka na kulia papo hapo.

Majirani walipokuja kumtazama, Mwanaarusi, mwenye ulimi usiojua kupumzika, alikunja pua. Akauliza, kwa upole wa uongo, imekuwaje mjukuu wa Bi Halima, wa Bi Halima hasa, anuke maziwa yaliyochacha. Wenzake waliinamisha macho. Arafa alitamani ardhi ipasuke.

Bi Halima aliikaza leso kifuani.

"Ananuka, ndiyo," alisema. "Anayeharakishiwa maji ni maiti, Mwanaarusi, nami nilikuwa namsogeza huyu huko kwa mikono yangu mwenyewe. Mwache anuke."